Kupunguza uzito Kampala: kwa kasi au pole pole, peke yako au na wenzako?

Kila baada ya Idi, na tena kila Januari, maswali ni yale yale: ninywe chai ya kukata tumbo, nijiunge na jimu, niache posho (ugali), au nitafute watu wa kukimbia nao Jumapili asubuhi? Anayeuliza huwa ameshapata majibu manne kwa watu wanne, kila mmoja akiapia njia yake. Hapa nimezipanga njia hizo mbili mbili, na sitajifanya sina upande. Mimi siipimi njia kwa kilo zinazotoka mwezi wa kwanza. Naipima kwa swali moja: Desemba ikifika na harusi zake na kwanjula zake (sherehe za kumtambulisha mchumba kwa wazazi wa binti), nyumba imejaa wageni na kila anayekuona anakupakulia, bado utaweza kuishi nayo?

Kwanza tuondoe dhana moja, kwamba Waganda ni wavivu. Mwaka 2018 ulitoka utafiti mkubwa uliolinganisha nchi 168, na Uganda ndiyo iliyokuwa na watu wachache kuliko wote wasioutumia mwili vya kutosha: asilimia 5.5 tu, wakati Kuwait walikuwa asilimia 67. Lakini hesabu ile iliingiza jembe, dumu la maji kichwani na mwendo wa kwenda shamba. Mwenye duka Kikuubo, mtaa wa biashara katikati ya Kampala, anayekaa kwenye kiti tangu asubuhi, akaletewa chakula palepale, jioni akarudi nyumbani kwa boda mpaka mlangoni, sifa ile haimhusu. Ni yeye hasa ninayemwandikia.

Kwa kasi au pole pole

Njia za kasi hazifanani, na watu huzitia zote kapu moja. Iko chai ya kupunguza tumbo inayouzwa madukani na mitandaoni. Nyingi kati ya chai hizo zina sena, ambayo ni dawa inayomfanya mtu aharishe. Unakwenda chooni mara tatu, unapanda mizani, kilo mbili hazipo. Zilizotoka ni maji na kinyesi, mafuta yako pale pale. Zipo na zenye hatari zaidi: sibutramine, dawa ya kuzima hamu ya kula, iliondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya madhara yake kwa moyo na mishipa ya damu, lakini imeendelea kukutwa ikiwa imefichwa ndani ya bidhaa za kupunguza unene zinazodaiwa ni za miti shamba tupu. Ukinywa kitu ukasikia moyo unakwenda mbio na usingizi umekata, weka chini.

Iko pia njia ya kujinyima: juisi ya limau siku saba, au kuacha kabisa wanga. Mwanzoni inafurahisha, kwa sababu mwili una akiba yake ya sukari, na kila gramu ya akiba hiyo hukaa na gramu tatu hivi za maji. Akiba ikiisha, maji yanatoka nayo. Siku ukirudi kwenye sahani ya posho, yanarudi. Ndiyo maana mtu anasema "nilipungua kilo nne kwa wiki moja" na wiki ya tatu hataki tena kuulizwa.

Lakini haki itendeke. Si kweli kwamba kila aliyepungua kwa kasi atanenepa tena kuliko aliyekwenda taratibu. Watafiti wa Australia walilijaribu hilo, wakachapisha mwaka 2014: kundi moja lilipungua kwa wiki 12 kwa mlo mkali unaosimamiwa, jingine kwa wiki 36. Waliofikia lengo walikuwa wengi zaidi upande wa kasi, asilimia 81 dhidi ya 50. Miaka mitatu baadaye, pande zote mbili zilikuwa zimerudisha sehemu kubwa ya uzito, karibu sawa kwa sawa. Mimi napata mambo mawili hapo. Kwanza, ile kasi ilikuwa na wataalamu nyuma yake, na kasi ya chai ya mtandaoni haina. Pili, kilichowashinda wote ni maisha baada ya mpango kwisha.

Hapo ndipo pole pole inapopata pointi zake. Anayepungua nusu kilo mpaka kilo moja kwa wiki anapungua akiwa anakula chakula cha nyumbani kwake, kazini kwake, na shemeji zake wakimtembelea. Yale anayoyafanya mwezi wa pili ndiyo atakayoyafanya mwaka wa pili. Kupungua kwa kasi sana kunaongeza uwezekano wa kupata mawe kwenye kibofu cha nyongo, na mwili hula misuli pamoja na mafuta. Tena hakuna haja ya kuhangaikia kilo 30. Utafiti wa Marekani uliotoka 2002, wa watu waliokuwa wakielekea kwenye kisukari, uliwawekea lengo la kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki. Uwezekano wao wa kupata kisukari ulishuka kwa asilimia 58. Kwa mtu wa kilo 90, asilimia 7 ni kilo sita na kidogo.

Kuna na sababu ya hapa kwetu ambayo vitabu vya nje havina. Uganda iliuona UKIMWI kwanza kwa macho: miaka ya themanini watu waliuita Slim, yaani "wembamba", na waliokuwa watu wazima wakati ule hawajasahau jinsi jirani alivyokuwa akikonda. Ukipungua kilo 12 kwa miezi miwili, mashavu yakaingia ndani, utaulizwa habari za afya yako mpaka msibani. Shangazi ataleta supu. Wengi huacha mpango kwa sababu hiyo tu, na siwalaumu. Ukipungua taratibu, watu wanazoea uso wako.

Sahani au mazoezi

Ukilazimishwa kuchagua kimoja kwa ajili ya kupungua, chagua sahani. Hesabu yake ni fupi. Chapati moja ya kando ya barabara ni kalori 300 hivi, na zaidi kama mpikaji hana huruma na chupa ya mafuta. Mtu wa kilo 80 akitembea mwendo mzuri saa nzima anatumia kalori 250 mpaka 300. Saa moja ya jasho, chapati moja. Rolex, yaani chapati iliyoviringishwa na mayai, ikiwa ya chapati mbili na mayai mawili inakaribia 800, na soda ya nusu lita ina sukari zaidi ya gramu 50, yaani vijiko vya chai 12 hivi. Huwezi kukimbia ukavishinda hivyo vyote kila siku.

Kosa la pili ni kumlaumu asiyehusika. Matoke yaliyopikwa kwa mvuke ndani ya majani ya mgomba hayana mafuta. Mchuzi wa karanga (binyebwa) unaomwagwa juu yake ndio mzito: karibu nusu ya uzito wa karanga ni mafuta. Simaanishi uache binyebwa, maana ni chakula kizuri chenye protini, ila kuna tofauti kati ya upawa mmoja na kuogelesha sahani. Mafuta ya kupikia nayo, kijiko kimoja cha mezani ni kalori 120. Katika nyumba nyingi mwenye mkono kwenye jerikeni la mafuta ni dada wa kazi, na hakuna aliyemwambia kwamba kuna mpango. Zungumza naye kabla hujazungumza na mwalimu wa jimu.

Kwenye kibanda cha chakula cha mchana, tatizo lina jina: "vyote". Mhudumu anakuuliza unakula nini, unajibu vyote, na sahani inakuja na posho, matoke, wali, viazi vitamu, muhogo na kipande cha boga, kisha nyama mbili ndogo zimejificha pembeni. Bei ni ile ile, kwa hiyo kutaja viwili tu unaona kama kupunjwa. Taja viwili, omba maharage, omba mboga za majani, dodo au nakati, ziongezwe. Wengi wao huongeza mboga bila kukutoza.

Na jioni kwenye chapati mazungumzo huwa kama haya:

"Hajjati, nikufungie mbili kama kawaida?"

"Moja leo, mwanangu. Na mafuta usimwage, pakaza tu."

"Moja haishibishi, mama."

"Nina maharage nyumbani."

Hajjati huyo ameondoa kalori 300 bila kutoka jasho, na bado anakula chapati. Kikomando cha chapati moja na maharage mengi ni mlo bora kuliko watu wanavyoudharau. Cha chapati tatu na maharage ya kupambia ni habari nyingine.

Kula kwa kujitambua, ambako sasa kunafundishwa kama jambo jipya, Waislamu tumelisikia tangu madrasa: theluthi ya tumbo kwa chakula, theluthi kwa maji, theluthi kwa pumzi. Ugumu uko kwenye kulitenda. Mwili huchukua kama dakika 20 kutoa taarifa ya shibe, na sahani ya mwenye haraka huisha kwa saba. Hapa linganisha sinia na sahani. Kwenye sinia la pilau la watu watano hujui umekula kiasi gani: upande wako unapungua, jirani anakusogezea nyama, mwenyeji anaongeza wali kabla chini hakujaonekana. Sahani ya mtu mmoja ina mwisho unaoonekana. Sinia sitalisema vibaya, undugu wake hauna mbadala. Anza na kachumbari, fanya matonge madogo, na mkono uushushe wakati unatafuna. Simu na televisheni ziwe mbali, hasa mechi ikichezwa.

Kwa anayepika, hatari kubwa huwa kabla na baada ya mlo: kuonja mara tano jikoni, kumalizia wali ulioachwa na watoto, kipande cha gonja (ndizi tamu ya kukaanga) kilichobaki kwenye kikaango. Chovya chovya humaliza buyu la asali.

Na kufunga? Sisi tulio kwenye ikweta hatuna siku ndefu za Ulaya. Mwaka mzima saumu yetu ni saa 13 na kitu. Sunna ya Jumatatu na Alhamisi huwasaidia baadhi ya watu kupungua, lakini ni pale futari inapokuwa uji, tende na mlo wa kawaida. Sambusa nane na juisi ya maembe yenye sukari hufuta kazi ya mchana kutwa.

Basi mazoezi ya nini? Ya kuulinda uzito usirudi, kushusha presha na sukari, kulala vizuri na kubaki na misuli wakati unapungua. Shirika la Afya Duniani linasema dakika 150 mpaka 300 kwa wiki za mwendo wa wastani, na siku mbili za kuimarisha misuli. Kipimo cha wastani ni kwamba unaweza kuzungumza lakini huwezi kuimba. (Vikundi vya jogingi vya hapa hukimbia vikiimba, kwa hiyo sijui tuwaweke daraja gani.)

Jimu, kilima au sebuleni

Hapa sitakawia. Jimu ni nzuri kwa mtu mmoja tu: yule ambaye iko njiani kwake. Ikibidi upande taxi mbili kuifikia, utalipa mwezi mzima uende mara nne. Ubora wake ni vyuma, na kwamba mvua haikuzuii.

Kilima ni bure, na Kampala haina uhaba wa vilima. Kololo, Naguru, Kibuli, Mengo, Muyenga: panda kimoja kwa miguu na hutahitaji mashine. Ubaya wake ni barabara zisizo na njia ya waenda kwa miguu, boda zinazokuja upande wowote, na giza, kwa kuwa kabla ya saa kumi na mbili na nusu hakujapambazuka. Mwanamke asiende peke yake saa hizo. Kwa asiyeweza alfajiri, kushuka boda steji mbili kabla ya nyumbani kila jioni ni mazoezi kamili, na nauli inapungua.

Sebuleni pia panafaa. Aprili 2020, watu wakiwa wamefungiwa majumbani, Rais Museveni akiwa na miaka 75 alijirekodi akikimbia pekupeku ofisini na kupiga pushapu 30. Watu walicheka sana, ila alichoonyesha ni kweli: mita chache za sakafu zinatosha.

Peke yako, kundi kubwa au watu watano

Hapa ndipo njia zinapotengana hasa.

Ukiwa peke yako una uhuru na siri, na kwa wengine siri ni muhimu. Lakini hakuna anayejua umeacha. Siku uliyokula mandazi sita, ni wewe na mandazi yako.

Kundi kubwa, kama zile jogingi za Jumapili zenye fulana na bendera, lina raha ya aina yake. Unakimbia zaidi ya ulivyodhani unaweza. Ila halijui sahani yako, na mara nyingi mbio zikiisha kuna supu ya ng'ombe na chapati mbili, na hesabu inarudi palepale. Liingie kwa ajili ya miguu na moyo, usilitegemee kwa kilo. Kundi la WhatsApp la watu 200 ndilo dhaifu kuliko yote: picha za matunda asubuhi, jioni matangazo ya biashara.

Kikundi kidogo kina historia yake. Mwaka 1961 mama mmoja wa Queens, New York, Jean Nidetch, aliyechoka kudanganya kwenye mlo wake, aliwaita marafiki wachache nyumbani waambiane ukweli kuhusu wanavyokula. Mwaka 1963 mikutano ile ilizaa Weight Watchers. Mwaka 1999 ukatoka utafiti wa Marekani uliowapa watu mafunzo yale yale, wengine wakija peke yao, wengine wakija na marafiki na kusaidiwa kushikamana. Mwezi wa kumi tangu waanze, waliokuwa hawajarudisha hata kilo walikuwa asilimia 66 ya waliokuja na marafiki, na asilimia 24 ya waliokuja peke yao.

Sisi hatuhitaji kuanzisha kitu kipya, kwani nigiina zipo. Wanawake wanaokutana kila wiki mbili kupeana vyombo na pesa tayari wanajuana, wanaaminiana, na wanajua nani hasemi kweli. Ongezeni mizani. Watu wanne mpaka sita, siku moja kwa wiki, mizani ile ile, asubuhi kabla ya kula. Kila mtu ataje alichopungua au alichoongeza, si uzito wake wote, maana wapo watakaoacha kuja kwa sababu ya tarakimu hiyo tu. Na chukueni futi ya fundi cherehani: kiuno kisizidi nusu ya urefu wako. Suruali hukubana ikakwambia, lakini gomesi na dera zinaweza kukaa kimya mpaka kilo kumi zipite.

Jambo moja mlikatae: kuwekeana dau. Anayetaka kushinda ataacha kunywa maji tangu jana yake, na mtampa pesa kwa kukaukiwa. Faini nazo huwafukuza wale wanaohitaji kikundi zaidi. Muda wa mkutano utumieni kwenye wiki inayokuja: nani ana kwanjula Jumamosi, atakula nini kabla ya kutoka nyumbani, atamjibu vipi mama mkwe akipakuliwa mara ya pili. Kikundi cha wanaume kiongeze swali la muchomo (nyama choma) na bia, maana hapo ndipo kitambi chao kinapojengwa, na wake zao hawapo.

Nani achague nini

Mwenye duka asiye na muda: kata soda na "vyote", shuka steji mbili kabla, tafuta majirani watatu wa duka mpimane Ijumaa. Jimu iache mpaka hayo yazoeleke. Mama mwenye watoto wadogo: anza na jikoni na mafuta, mazoezi yawe sebuleni, nigiina iwe ndiyo kikundi. Mwenye siri yake, asiyetaka watu wajue: mtu mmoja anatosha, awe yule anayekula naye kila siku. Anayetaka kasi kwa sababu ya kisukari au uzito mkubwa sana, njia hiyo ipo, lakini inapita hospitali, kwa daktari anayekupima mara kwa mara.

Kabla ya kupunguza chakula, anayetumia insulini au vidonge vya sukari kama glibenclamide azungumze kwanza na wanaompa dawa, kwa sababu dozi ya jana kwenye sahani ndogo ya leo inaweza kumwangusha sukari ikishuka. Mjamzito asijiingize kwenye kupungua. Na aliyebadilishiwa ARV akapewa yenye dolutegravir, kisha akaona ananenepa, asikatize dawa hata siku moja. Kunenepa kwa baadhi ya wanaoitumia kunajulikana. Alitaje kliniki siku ya kuchukua dawa, wampime presha na sukari hapo hapo, na sahani na vilima vifanye kazi pamoja na vidonge vyake.